Je, Mzazi Amchagulie Mwanawe Deni?

Zamani swali la mzazi katika bonde la Yaeda lilikuwa moja: mtoto wangu atapata wapi shule? Siku hizi liko na swali la pili, nalo si jepesi. Kijana amefaulu kidato cha sita, vyuo viwili vimemkubali, na kwa kila kimoja pana msaada wa karo. Mzazi ameshika karatasi mbili. Aifuate ipi?

Wengi wetu hutazama tarakimu. Penye fedha nyingi ndipo twaona pana heri. Lakini katika mambo ya mifugo hatudanganyiki hivyo. Twajua sana ya kuwa ng'ombe wa kupewa si sawa na ng'ombe wa kuazimwa. Wote wawili hukamwa, na maziwa yao katika kibuyu hayana tofauti. Ila mmoja ni wako, na wa pili siku moja mwenyewe atamfuata. Mbona twaisahau elimu hiyo tusomapo barua za vyuo?

Tuseme chuo cha kwanza chadai karo ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na mkopo waifunika yote. Chuo cha pili chadai 1,000,000. Mfadhili atatoa 600,000 asitake kurudishiwa, na baba atafute 400,000. Mtu wa haraka atasema, "Cha kwanza ni bure." Sivyo. Kwa miaka mitatu cha kwanza kimezaa deni la 4,500,000. Cha pili kimemgharimu baba 1,200,000, na deni hakuna. Katika cha pili hulipa baba. Katika cha kwanza atalipa mwana. Hapo ndipo lilipo swali la haki.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imewafikisha vyuoni watoto wengi wa maskini. Hatuidharau. Lakini tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2016, mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, hata deni liishe. Mwenye mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000. Hizo ndizo ambazo angewatunzia wazazi wake wazee, au kumsomesha mdogo wake. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, mkopo ni mbaya? La. Pasipo njia nyingine, deni la elimu ni afadhali kuliko ujinga. Tena baba auzaye maksai wote wa kulimia ili kijana mmoja asidaiwe, na wadogo wakalala njaa, hakutenda haki. Tusemalo ni hili: mtu asichague peke yake mzigo utakaobebwa na mwingine. Mzazi amketishe mwanawe, wahesabu pamoja. Kipi ni zawadi, kipi ni deni, kipi chatoka zizini? Zawadi hiyo ni ya miaka yote, au ya mwaka wa kwanza tu? Nauli, chakula na malazi vitatoka wapi? Kisha kijana mwenyewe aseme ndiyo, akijua alisemalo.

Liko na jambo la kutuonya. Bodi hukopesha kwa kutazama uhitaji, na kiongozi wa kijiji hutia sahihi katika fomu. Mzazi mwenye mali ajifanyaye fukara, na kiongozi amshuhudiaye, hawaibii serikali tu. Wamnyang'anya yatima nafasi yake, kwa maana mfuko una mwisho.

Wala zawadi nayo haikosi wajibu. Katika Yaeda Chini Wahadzabe na majirani zao hupata fedha kwa kuhifadhi misitu yao, na sehemu yake imetumika kwa matibabu na kwa masomo ya watoto. Mtoto asomeshwaye hivyo hatakatwa mshahara, lakini amesomeshwa na watu waliojizuia wasiikate miti. Daftari halimdai, bonde lamdai.

Basi, wazazi wenzetu, tukizilinganisha karatasi mbili, tusiulize tu, "Ipi ni kubwa?" Tuulize, "Nani atalipa, na je, yeye amekubali?"