Mizani na Ulimi wa Jirani

Mtu akirudi kwao baada ya safari ndefu, neno alisikialo mara tu baada ya salamu ni hili: "Umenawiri!" au, "Mbona umekonda?" La kwanza husemwa kwa kicheko, la pili kwa sauti ya chini kama ya msibani. Hivyo sote tumejifanya waganga. Twampima mwenzetu kwa macho na kumtolea hukumu papo hapo njiani. Basi twataka kuuliza: je, unene ndio afya, na wembamba ndio ugonjwa? Na jirani ana haki gani ya kuhukumu?

Tusiwacheke wazee wetu waliosifu unene. Wao waliijua njaa, na mafuta ya mwilini ni akiba, kama mtama ghalani. Kisha katika miaka ya 1980 ukaenea ugonjwa wa UKIMWI. Huko Uganda watu waliuita "Slim", yaani wembamba, kwa kuwa uliwakausha wagonjwa. Tangu hapo kukonda kukawa kama tangazo la kifo. Siku hizi dawa zipo, na mwenye virusi azitumiaye sawasawa huweza kuishi miaka mingi, wala humtambui kwa kumtazama. Lakini hofu ile imebaki machoni petu.

Tumemjua mama mmoja, muuza maandazi, aliyekuwa mnene sana, mwenye ugonjwa wa kisukari na maumivu ya magoti. Daktari alimshauri apunguze ugali, mafuta na chai ya sukari, tena atembee kila siku. Akatii. Baada ya miezi kadhaa alikuwa amepungua kilo 10. Sukari ikashuka, akapanda kilima cha kisimani bila kupumzika. Ndipo minong'ono ilipoanza. Wengine walihesabu safari za mumewe. Wateja wa maandazi wakapungua mmoja mmoja. Mwisho mama akachoka, akarudia chakula chake cha zamani, na majirani wakafurahi wakisema, "Sasa umepona!" Siku zile zile sukari yake ilikuwa ikipanda. Je, nani aliyemdhuru? Hakuna aliyemtilia sumu wala aliyemwibia. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakudhuriwa.

Labda msomaji atasema, "Tuache macho, tuitumie mizani." Ni vema, maana mizani haina chuki. Lakini nayo ina mipaka yake. Kipimo kitumikacho sana hospitalini kilianza kwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, katika karne ya 19. Yeye hakuwa tabibu. Alitafuta kujua mtu wa wastani ana umbo gani. Hesabu yake ni hii: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita, uliozidishwa kwa urefu uo huo. Mwenye kilo 64 na urefu wa mita 1.60 hupata 25. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kwa mtu mzima 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, na 30 au zaidi ni unene wa kupita kiasi, uletao hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Lakini hesabu hiyo haitofautishi misuli ya mchukuzi na mafuta ya mvivu, wala haijui kama mafuta yamekaa tumboni, mahali yanapodhuru zaidi. Tena mwembamba naye huweza kuwa na shinikizo la damu asijue, mpaka apimwe.

Tukumbuke pia watoto. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba mikono na miguu kwa lishe mbaya. Huo ndio unyafuzi. Mama humwona mtoto ana mashavu, kumbe ni maji, na mtoto yuko hatarini. Hapo macho hudanganya, na mizani nayo hudanganya.

Je, basi tunyamaze tumwonapo mwenzetu akiisha mwili? Hasha. Mtu akonday pasipo kukusudia, akikohoa na kutoka jasho usiku, asiachwe nyumbani. Na mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe kliniki upesi. Kunyamaza hapo ni ukatili. Lakini kuna tofauti kati ya neno la njiani na neno la nyumbani. Ampendaye mwenzake humwendea faraghani, humwuliza, "Hali yako ikoje siku hizi?" kisha husikiliza, na ikihitajika humsindikiza hospitali. Asemaye mbele ya watu, "Umekwisha!" hakuuliza neno, amekwisha kuhukumu.

Basi, wasomaji wetu, mizani ni shahidi mmoja, wala si hakimu. Tumwachie tabibu kuwasikiliza mashahidi wote: uzito, damu, mkojo, chakula na kazi ya mtu. Nasi majirani tuanze na jambo dogo: kesho tukikutana na mtu aliyepungua au kuongezeka, tumsalimu kwa jina lake, tumwulize habari zake, na mwili wake tuuache.