Mkono Usiogusa

Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote kalamu nyekundu haikukosekana mfukoni mwangu. Mwalimu huzoea kusahihisha hata pale asipoombwa. Nataka kumsimulia msomaji siku niliyomsahihisha mke wangu, kwa sababu mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki.

Mama Neema alisumbuliwa na baridi yabisi ya magoti kwa miaka mingi. Vidonge vya hospitali vilimchoma tumbo, na nafuu yake ilikuwa ndogo. Mwaka 2009 jirani yetu akampeleka kwa tabibu mmoja mjini aliyetibu kwa chi, ile nguvu ya uhai ambayo Wachina husema hupita mwilini katika njia zake, na ikizibwa mtu huugua. Tabibu yule hakuchoma sindano wala hakutoa dawa. Alimlaza mgonjwa, akapitisha viganja juu ya magoti yake bila kuyagusa, kama mtu aotaye moto. Alifanya hivyo saa nzima. Siku hiyo Mama Neema alirudi nyumbani akalala usiku kucha. Tangu hapo akawa anakwenda kila Jumamosi.

Chi si neno la juzi. Limo katika Huangdi Neijing, kitabu cha utabibu cha Wachina chenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Herufi yake ya zamani huandikwa kwa alama ya mvuke juu ya alama ya mchele, kana kwamba aliyeibuni alikuwa jikoni akitazama chungu cha wali. Katika miaka ya 1950, mkoani Hebei, Liu Guizhen, kada wa chama aliyesema kuwa mazoezi ya pumzi yamemponya vidonda vya tumbo, aliyaingiza mazoezi hayo katika vituo vya tiba vya serikali kwa jina la chigongi, yaani ustadi wa chi. Mgonjwa alifundishwa kuvuta pumzi, kutulia na kurudia maneno machache ya kumtuliza. Baadaye, katika miaka ya 1980, wakatokea mabingwa waliodai kwamba wao wenyewe wanaweza kuitoa chi mikononi na kumrushia mgonjwa. Madai haya ya pili ndiyo yaliyofika kwenye magoti ya mke wangu.

Mimi nilikuwa nimesoma habari za Emily Rosa, mtoto wa Marekani. Huko wako wauguzi wanaotibu kwa namna inayofanana na hiyo, na husema viganja vyao huhisi nguvu ya mwili wa mgonjwa. Emily, akiwa na umri wa miaka tisa, aliwaketisha watabibu 21 nyuma ya kizuizi, mikono yao ikiwa imepenya upande wake. Alirusha sarafu, kisha akaweka mkono wake karibu na mkono wao mmoja, akauliza ni upi. Katika majaribio 280 walipatia 123, chini ya nusu. Mtu anayebahatisha tu angepata zaidi kidogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Nikalirudia jaribio hilo sebuleni kwetu. Mama Neema alifumba macho, nami nikapitisha kiganja juu ya goti moja au jingine. Alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia. Nilifurahi kama mtu aliyefundisha somo likaeleweka. Jumamosi iliyofuata hakwenda kwa tabibu. Wala usingizi haukurudi. Usiku mmoja alisema gizani, “Mwalimu, umenitia mkasi. Jibu sahihi hukuniandikia.”

Sikuwa na la kusema.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba ningenyamaza. Mwalimu mwenzangu alikuwa na kisukari. Tabibu mwingine wa aina hiyo alimwambia kwamba chi ikikaa sawa hatahitaji tena sindano za insulini. Akaziacha. Akapata kidonda cha mguu, mguu ukakatwa, na hakumaliza mwaka. Nilisimama kaburini kwake nikijiuliza wako wapi waliokuwa wanajua ukweli wakaona haya kumwambia.

Basi je, faraja inayosimama juu ya jambo lisilo kweli ni haki ya mgonjwa, au ni deni atakalolipa baadaye?

Kilichonisaidia kufikiri ni utafiti uliofanyika Ujerumani kuhusu sindano za Kichina, ndugu wa tiba ya chi, na kuchapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu. Waliochomwa penye njia za chi, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa juujuu, mahali pasipo na njia hizo, asilimia 44.2. Waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27.4. Njia za chi, basi, zilikuwa na kazi ndogo mno. Lakini mtu aliyelala, akashughulikiwa nusu saa na mwenzake asiye na haraka, alipata kitu. Katika Kiswahili pumzi na kupumzika ni maneno ya ukoo mmoja, na nadhani Liu Guizhen asingetupinga hapo.

Kwa hiyo nimefikia hapa. Mkono wa tabibu wa mke wangu haukusema uongo, maelezo yake ndiyo yaliyokuwa uongo. Yule wa mwenzangu alivuka mpaka alipogusa insulini, na hapo kunyamaza ni kushiriki. Lakini mimi, niliyeuondoa uongo wa kwanza, niliondoa pamoja nao ile saa moja ya Jumamosi, nikadhani kazi yangu imekwisha. Anayemwambia mgonjwa ukweli hana budi kuuliza ni nini kitakachobaki mahali pale.

Mama Neema alifariki mwaka 2018. Katika miaka yake ya mwisho, kila jioni baada ya chakula, nilimkanda magoti kwa mafuta ya nazi, nusu saa kwa saa ya ukutani. Sikumwambia kwamba mikono yangu ina nguvu yoyote, naye hakuniuliza. Kuna usiku alilala, na kuna usiku hakulala.