Mzigo wa Nani?



Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza, kikundi chetu cha vijana kutoka Moshi tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Getini mizigo ilipimwa, maana kikomo cha mpagazi ni kilo 20. Wangu ulipita. Siku ya pili nikachoka. Kimyakimya nikachomeka viatu vya akiba na chupa mbili za maji kwenye mzigo aliobeba mzee mmoja, rika la baba yangu mdogo. Nikajiambia, si analipwa?

Siku ya nne asubuhi tukaanza Ukuta wa Barranco, mwamba wa mita zipatazo 250. Pale hutembei tu, unapanda kwa mikono. Kuna mahali njia ni nyembamba hadi unalikumbatia jiwe. Mimi nilikuwa na mikono miwili. Yule mzee alikuwa na mmoja tu, mwingine umeshika mzigo kichwani. Mguu wake ukateleza kidogo, akajizuia. Mimi moyo, paa!

Tulipofika kambi ya Karanga nilimwendea. "Shikamoo baba. Nisamehe, niliongeza vitu kwenye mzigo wako."

"Marahaba, mwanangu. Nilihisi. Ila kazi hii ukilalamika, safari ijayo huitwi."

Sasa swali: kumbebesha mwingine mzigo ni dhambi? Mtume Paulo, Wagalatia sura ya 6, anatuambia tubebeane mizigo, halafu aya chache mbele anasema kila mtu atabeba wake. Zamani niliona kama anajichanganya. Kiukweli hajichanganyi. Upo mzigo unaozidi nguvu za mtu, huo tunasaidiana. Na upo ulio wangu kabisa. Huo nikimhamishia mtu asiyeweza kusema hapana, simwombi msaada, namwibia. Mshahara unalipia kilo tulizokubaliana, basi. Hata Simoni wa Kirene hakuombwa, alilazimishwa. Sifa ni yake, si ya waliomlazimisha.

Na ukuta huo upo hata nyumbani: dada wa kazi tunayemwachia vyombo usiku, mwanakwaya mwenzetu anayebeba spika peke yake kila Jumapili.

Kabla ya kwenda kuungama wiki hii, jiulize: nani amebeba kitu changu, na anaogopa kusema? Kisha nenda ukakichukue.