Barakoa na Bakuli

Jua la mwisho wa Oktoba halikawii kutua Seattle. Saa kumi na mbili za jioni ya tarehe 31, usiku wa Halloween, njia za mitaani huwa zimekwisha kujaa viumbe wafupi: wachawi, mafuvu, maharamia, na nyuma yao wazee wenye tochi. Chukua mfano wa familia moja. Baba amebaki nyumbani kugawa pipi mlangoni. Mama ametoka na watoto wawili. Mkubwa, wa miaka tisa, amejitanda shuka jeupe na kuvaa barakoa ya mzuka. Mdogo, wa miaka mitano, ni nyuki mwenye mbawa za waya. Kila wanapoona boga lililochongwa uso na kutiwa taa hubisha hodi, na mlango ukifunguliwa husema maneno yale ambayo kila mfasiri huyapatia taabu, kwani yamebeba ombi na tishio kwa pumzi moja: tupe kitamu, ama tutakufanyia vituko. Zamani tishio lilikuwa na meno. Katika miaka ya 1920 na 1930 vijana wa miji ya Marekani waliharibu mali za watu usiku huo kiasi ambacho wakubwa waliona heri kuwanunua kwa peremende. Leo meno yameng'oka, limebaki ombi.

Nyumba ya saba haina mtu. Kibarazani pana kiti, juu ya kiti bakuli, na juu ya bakuli karatasi: tafadhali chukua moja. Mama amesimama chini, karibu na njia. Anamwona nyuki akichukua moja na kugeuka. Anamwona mzuka akitazama kulia, akitazama kushoto, kisha akizamisha mkono mara mbili, na mara ya pili mkono unatoka umejaa. Kwa mzuka, tendo hilo halikuonwa na mtu.

Kisa hiki ni kikongwe kuliko Halloween yenyewe. Katika Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane; hakukawia kumuua mfalme na kukitwaa kiti chake. Dai la Glaucon ni kwamba mwema na mwovu wakipewa pete kama hiyo watafuata njia moja, kwani uadilifu ni vazi la kuvaliwa mbele za watu. Barakoa ya plastiki ni pete ya maskini. Mwenye kuivaa haonekani, ingawa kila mtu anamtazama.

Kwa bahati, mji huo huo wa Seattle uliwahi kulipima dai hilo. Mwaka 1976 Edward Diener na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa usiku wa Halloween katika nyumba 27, juu ya watoto 1,352. Mwanamke aliwapokea, akawaambia wachukue pipi moja moja, kisha akaingia ndani. Mtu aliyejificha akahesabu. Baadhi ya watoto waliulizwa kwanza majina yao na wanapokaa, wengine hawakuulizwa kitu. Mtoto aliyekuja peke yake na akaulizwa jina, ni 7 au 8 tu katika kila 100 waliozidisha. Waliokuja kwa kundi bila kuulizwa, walizidisha 57 katika kila 100.

Msomaji wa visiwani ataijua dawa hiyo mara moja. Mtoto anayezunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mkono wa Idi hutoka uso wazi, na kabla ya sarafu kutua kiganjani huulizwa: wewe mtoto wa nani? Wapo wanaolichukia suali hili, na wana haki yao, kwa sababu limewahi kutumiwa kuchambua nasaba za watu na kubagua. Lakini linapoulizwa mlangoni kwa sauti ya upole, humrudishia mtoto jina lake kabla hajapewa kitu.

Glaucon angecheka. Angesema: mtoto aliyetaja jina na nyumba yake anaogopa kushitakiwa, basi uadilifu wake ni hofu tu. Jibu lililo bora lilipatikana mwaka 1979, watafiti walipoweka kioo nyuma ya bakuli. Kwa watoto walioulizwa majina, wizi ulipungua. Kwa wasioulizwa, kioo hakikubadili kitu. Kioo hakiendi kusema kwa wazee. Aliyesimama mbele yake aliona barakoa tu, lakini yule aliyekwisha kulitamka jina lake alijua ni nani aliye nyuma yake. Hofu ya kushitakiwa haitoshi kulieleza hilo.

Na lipo jambo ambalo wanaoupenda utafiti huu husahau kulitaja. Katika kundi lile lisilo na jina, 43 katika kila 100 walichukua moja wakaenda zao. Walikuwa watoto, pipi ziko wazi, wenzao wanazoa, hapana aliyewajua. Glaucon hana la kusema juu yao, na wanasaikolojia pia hawakusema mengi.

Barakoa nyingine ya usiku huo huvaliwa na wakubwa. Kwa miongo mingi wazazi wa Marekani wameonywa juu ya mgeni atiaye sumu katika peremende. Joel Best, mwanasosholojia aliyezifuatilia habari hizo tangu zile za mwaka 1958, hakupata hata kisa kimoja kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa au kudhurika vibaya kwa pipi iliyotiwa sumu na mgeni alipokuwa akizunguka milangoni. Kisa cha sumu kinachokumbukwa zaidi ni cha Texas, mwaka 1974, cha mtoto wa miaka minane. Sayanidi ilikuwemo kweli katika unga wa peremende yake, na aliyeitia ni baba yake mzazi, akitaka fedha za bima ya maisha. Alinyongwa? La, alidungwa sindano ya kifo mwaka 1984. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kila mtu alikwisha kumshuku mgeni, basi yeye akajificha nyuma ya uso wa mgeni huyo asiyekuwepo.

Mama yule bado yuko chini ya kibaraza. Angeweza kumwita mzuka kwa jina lake, na watoto watatu wageni wanaopanda ngazi wangelisikia. Amenyamaza. Amemshika nyuki mkono, wakaendelea hadi nyumba ya nane.

Saa mbili za usiku wote wamerudi. Mifuko inamiminwa juu ya meza ya kulia chakula. Baba anavaa miwani, anavuta taa karibu, anaanza kuzikagua pipi moja moja: iliyofunguka karatasi anaitenga, yenye tundu anaitupa. Mzuka amevua barakoa, jasho limemtoka puani, anatazama. Zile alizozizoa zimo humo humo, zimefungwa vizuri, nazo zinapita katika vidole vya baba yake pamoja na nyingine zote.