Ni Nani Aliyelegeza Gurudumu?

Safari hii tunataka kuongea nanyi juu ya gurudumu la gari. Msishangae. Wengi wenu mmesikia jambo lililotupata msimu wa mvua uliopita katika njia ya Kabambare, lakini mmelisikia kama linavyosimuliwa sokoni, na sivyo lilivyokuwa. Sisi tulikuwa ndani ya gari ile. Tena sisi ni miongoni mwa wenye kosa, ndiyo sababu tunaandika.

Gari ilikuwa Land Cruiser ya zamani, mali ya ndugu mmoja wa hapa Kasongo. Tulikuwa watu tisa, pamoja na magunia ya mchele na vidumu vya mawese, maana hapa kwetu gari haibebi watu tu. Jioni ya kuamkia safari tuliona kwamba mpira mmoja wa nyuma umekwisha kabisa, nyuzi zimetokeza. Ukapatikana mwingine, gari ikapelekwa garaje. Tulimwambia mwenye garaje kwamba tunataka kuondoka alfajiri. Tukabishana naye juu ya bei mpaka akapunguza karibu nusu. Basi akampa kazi kijana anayejifunza kwake, yeye akaenda kula. Asubuhi tuliondoka tukiimba.

Penye mteremko mmoja, kabla ya kijito, tulisikia kishindo, gari ikalala upande, na gurudumu letu la nyuma la kushoto likatupita. Aliyewahi kuona gurudumu lake mwenyewe linamtangulia barabarani hawezi kusahau. Drumu la breki lililima udongo, bomba la mafuta ya breki likakatika, bati la juu ya gurudumu likapasuka. Mama mmoja alivunjika mkono. Mawese yalimwagika yote. Hakuna aliyekufa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Gari ilikuwa haijarudishwa mjini, lakini jina la mchawi lilikuwa limekwisha kupatikana. Mwenye gari ana shangazi yake, mama mjane, ambaye asubuhi ile aliomba nafasi ili aende kumwona binti yake Kabambare, nasi tukamwambia gari imejaa. Alijibu kwa uchungu, "Haya, nendeni. Tutaona kama mtafika." Ni neno ambalo mzee yeyote aliyenyimwa kitu anaweza kulisema, na kesho yake amelisahau. Lakini hilo lilitosha. Kwa siku kumi watu hawakumsalimu. Wanawake waliondoka kisimani alipofika. Usiku vijana walitupa mawe juu ya bati la nyumba yake. Wengine walikuja kwetu kuomba maono, wakitaka jina lake litajwe katika sala ili jambo liwe wazi kwa wote. Tunasema kweli: baadhi yetu tulikuwa tayari.

Aliyekataa ni mzee mmoja wa kanisa, ambaye zamani alikuwa shofere wa kamyo katika njia ya Kindu. Alisema, "Kabla ya kumuuliza Roho, nionyesheni janti."

Tukaenda naye mahali gari ilipowekwa. Gurudumu la gari ile linashikwa na buloni sita zilizosimama kwenye kitovu chake, na kila buloni inafungwa kwa ekru. Mzee alitupangusia kwa kitambaa. Matundu ya janti, ambayo kiwandani hutobolewa ya duara, yalikuwa yamenyooka kama yai. Maana yake gurudumu lilicheza muda mrefu kabla ya kutoka. Buloni nne zilikuwa zimekatika au zimelika meno. Lakini mbili zilikatikia chini kabisa, na juu yake mlikuwa na grisi iliyokandikwa pamoja na udongo, kama mtu anavyoziba tundu la ukuta. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Barabara haipaki grisi."

Kwa faida ya wale wasiojua kazi hii, tueleze kidogo alivyotufundisha. Kabla ya kurudisha gurudumu, unapangusa tope na kutu kati ya janti na drumu, maana tope likikauka na kutoka, ekru zinabaki na nafasi. Upande wa ekru uliochongwa mshazari ndio unaotazama janti. Unaanza kuzungusha kila ekru kwa vidole, isiume meno ya buloni vibaya. Unakaza kidogo kidogo kwa kuvukisha, moja ya huku kisha ya ng'ambo yake, si kwa kuzunguka duara. Unashusha kriki, unamalizia kukaza gurudumu likiwa chini. Ukiisha kwenda kilometa chache makumi, unasimama na kukaza tena. Na usiongeze bomba refu kwenye ufunguo, kisha ukaruka juu yake kwa miguu. Watu wengi hufikiri ekru iliyokazwa kwa bomba ndiyo salama zaidi. Buloni ni chuma, lakini chuma kikivutwa kupita nguvu yake hurefuka, na kilichorefuka hukatika.

Mwenye garaje alipoulizwa, alisema kazi yake ilikuwa safi na kwamba kila mtu anajua gari ile ilirogwa. Siku ya kumi, usiku, yule kijana alikuja kwa mzee. Alisema, "Baba, mimi niliruka juu ya bomba. Buloni ya kwanza ikakatika, kisha ya pili. Nilikwenda kumwambia mwalimu wangu. Akasema nne zinatosha, funga, hao wana haraka. Nikakandika grisi na udongo, shofere asione. Sasa yule mama wanamtupia mawe."

Hapa ndipo swali letu lilipo. Kijana hakutaka mtu avunjike mkono. Mwalimu wake hakutaka. Shofere, aliyesikia kitu kinagonga nyuma tangu tulipotoka mjini na kusema "ni mashimo tu", naye hakutaka. Sisi tuliodai haraka na bei ya chini, hatukutaka. Je, mahali ambapo hakuna aliyetaka ubaya, kuna mwenye kosa?

Wako wanaojibu: hapana, ni bahati mbaya. Torati haijibu hivyo, wala haiwatii watu wote katika chungu kimoja. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, mtu anakata mti, chuma cha shoka kinachomoka kwenye mpini na kumuua mwenzake. Huyo anapewa mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakumchukia. Lakini katika Kutoka, sura ya 21, kuna ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga. Ng'ombe huyo akiua, mwenyewe hahesabiwi kama yule wa shoka. Wote wawili hawakutaka kifo. Mmoja hakujua, mwingine aliambiwa.

Sheria ya nchi yetu nayo, katika amri ya tarehe 30 Julai 1888 inayoitwa kitabu cha tatu cha sheria za raia, inakwenda njia hiyohiyo. Kifungu cha 258 kinamtaka aliyeharibu kwa kosa lake atengeneze. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba uzembe na kutoangalia ni kosa pia. Kifungu cha 260 kinamfanya mtu ajibu kwa ajili ya wale walio chini yake. Basi mwenye garaje asiseme, "Ni mtoto tu." Mtoto alikuwa chini ya mkono wake.

Sisi tunaonelea hivi. Buloni ya kwanza ilipokatika, ile ilikuwa shoka lililochomoka: kijana hakufundishwa, mkono wake ulikosea. Buloni ya pili, tungeweza kubishana. Lakini alipomwambia mwalimu wake, tangu hapo ng'ombe alikuwa amejulikana. Kupaka grisi si kukosea kwa mkono. Mkono uliopaka ulijua sawasawa unachokifanya. Watu tisa walikuwa na haki ya kujua wanaketi juu ya buloni nne, ili wachague wenyewe kukaa au kwenda. Haki hiyo ndiyo iliyozibwa kwa udongo. Mwenye kuziziba ni kijana, na aliye nyuma yake ni mwalimu, na mzigo wa mwalimu ni mzito zaidi. Kwetu sisi tuliokuwa na haraka, mzigo upo pia, ingawa ni mdogo. Tulinunua kazi ya nusu bei, tukapata nusu.

Na uchawi? Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande upande wa Sudani katika miaka ya 1920, akaandika kwamba ghala likianguka juu ya watu waliokaa kivulini, Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile, juu ya watu walewale. Swali hilo si la wapumbavu, hata sisi huwa tunajiuliza. Lakini Wazande wale walikuwa wamewaona mchwa kwanza. Sisi hatukutazama nguzo. Tuliruka moja kwa moja kwa mjane, na tazameni faida tuliyoipata: mchawi akiisha kupatikana, mwenye garaje halipi, shofere haulizwi, mwenye gari haambiwi kwamba aliiacha mipira mpaka nyuzi zikatoka, nasi hatukumbuki magunia tuliyopakia. Kila mmoja wetu aliwekewa huru na neno moja la mama mzee. Yeye peke yake alilipa kwa wote.

Mambo ya fedha yamepata njia. Mwenye garaje amekubali, mbele ya wazee, kulipa drumu, bomba na dawa za yule mama aliyevunjika mkono, kidogo kidogo. Kijana hakufukuzwa. Tuliomba asifukuzwe, maana ndiye peke yake aliyesema kweli bila kushikwa, na sasa ndiye anayekaza ekru kwa vidole kwanza, mbele ya mwenye gari.

Kwa shangazi tulikwenda watu saba, tukapiga magoti katika ua wake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Drumu mmeijulia bei. Zile siku kumi za kisimani, nani ameziandikia bei?" Hatukuwa na jibu. Amri ya 1888 ingeweza kumpa kitu mahakamani, lakini hakuna hakimu awezaye kuwaagiza wanawake warudi kuchota maji pamoja naye. Alitusamehe sisi saba. Mpwa wake, mwenye gari, hajamsamehe, anasema aje mwenyewe, tena aje mchana, wakati jirani wote wapo nje. Mpaka tunapoandika haya, bado hajaenda.