Haki na Dakika za Nyongeza

Mtahiniwa asiyeona anayefanya mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania huongezewa na Baraza la Mitihani dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Karatasi yake huwa ya nukta nundu. Ya mwenye uoni hafifu huwa na maandishi yaliyokuzwa. Je, dakika hizo ni hisani au ni haki?

Anayeziita hisani huchukulia kwamba saa tatu za mtihani ndicho kipimo halisi, na kwamba asiyeona amelegezewa. Lakini saa tatu hazikushuka kutoka mbinguni. Zilikadiriwa kwa kasi ya mtu asomaye kwa macho na kuandika kwa kalamu. Umbo la jiometri ambalo jicho hulimaliza kwa mtazamo mmoja, kidole hulipapasa mstari baada ya mstari. Nyongeza haimpi mtahiniwa hata alama moja. Inarekebisha mizani iliyokuwa imeelemea upande wa wenye macho tangu mwanzo.

Aristotle alifundisha kwamba haki ni kuwatendea sawa walio sawa, naye akakiri kuwa ugumu uko katika kujua ni sawa kwa lipi. Mwaka 1979 mwanauchumi Amartya Sen alilirejea swali hilo kwa mfano wa mtu mwenye ulemavu: kumgawia fungu sawa na wenzake hakutoshi, kwa kuwa fungu hilo halimfikishi wanakofika wao. La kupimwa ni kile mtu anachoweza kukifanya. Maabara ya Kemia iliyo juu ya ngazi haipo kwa mwanafunzi wa kitimwendo, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya darasa.

Katika dini, hoja ya haki ya mwenye ulemavu mara nyingi huishia kwenye sadaka. Surat Abasa katika Kurani inakwenda mbali zaidi. Kwa mapokeo ya wafasiri, kipofu Ibn Umm Maktum alimwendea Mtume Muhammad (s.a.w.) alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na aya zikashuka kumlaumu Mtume kwa kukunja uso. Aliyekuja hakuomba chakula wala nguo. Alitaka kufundishwa.

Hata hivyo, elimu jumuishi, yaani kumfundisha mwenye ulemavu pamoja na wenzake, hudhoofika pale inapohesabu vichwa vilivyomo chumbani tu. Kiziwi ndiye anayelidhihirisha hilo. Katika shule ya viziwi, lugha ya alama hutumika darasani, bwenini na uwanjani. Katika sekondari ya kawaida isiyo na mkalimani, mwanafunzi huyo hukaa miaka minne akinakili ubao. Kwa hiyo viziwi wanaotetea shule zao hawatetei ubaguzi. Wanatetea lugha, na wana hoja nzito.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haukulisahau jambo hili. Ibara ya 24 inadai elimu jumuishi katika ngazi zote, na papo hapo inazitaka nchi ziwezeshe kujifunza lugha ya alama na kuajiri walimu wanaoimudu. Kumketisha kiziwi dawati la mbele, bila mkalimani, hakuitimizi ibara hiyo.