Mzaha Wenye Nidhamu

Tukitaka kumshusha msanii tunasema "analeta mchezo", kana kwamba mchezo na kazi ni wake wenza wasioamkiana. Kundi la Penguin Cafe Orchestra la Uingereza linatosha kuonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya pupa. Mwanzilishi wake, Simon Jeffes, alisomea gitaa la muziki wa klasiki, akachoshwa na masharti yake, na roki nayo ikamchosha. Wazo la kundi lilimjia mwaka 1972 kusini mwa Ufaransa, akiwa hoi kitandani baada ya kula samaki walioharibika. Albamu ya kwanza ilitoka 1976. Baadaye akanasa mlio wa simu inayoita ukiwa umegongana na ule wa simu inayotumika, akaufanya ujirudie kwenye mkanda, rababendi ikadundadunda juu yake, kisha fidla zikaingia. Mara ya kwanza utacheka. Mara ya pili utagundua kwamba hitilafu ile ya laini ndiyo iliyoshika mapigo, na wapigaji wote wanaifuata bila kuteleza, kama wacheza ngoma wanavyomfuata mpiga msondo.

Wapo wasemao huu ni muziki wa kusindikizia chai, na ni kweli hata matangazo ya biashara yameutumia. Lakini mwaka 1982 Jeffes aliokota harmoniamu iliyotupwa mjini Kyoto, Japani (wapenzi wa taarab ya Mombasa hawahitaji kuelezwa kinanda hicho), akatungia humo kipande ambacho wanamuziki wa Ireland wamekipokea na kukipiga miongoni mwa ngoma zao za asili. Watu wanaozilinda tuni za mababu zao kwa wivu hawapokei upuuzi kirahisi namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mchezo ni anasa ya walioshiba. Hapo Jeffes mwenyewe anatoa jibu bila kukusudia, kwani albamu ya mwaka 1981 ina kipande kilichotoka kwenye Nhemamusasa, tuni ya mbira ya Washona wa Zimbabwe. Mbira ni vijiti vya chuma juu ya ubao, basi. Tena wenyewe huifunga kombe au vizibo vya soda makusudi, ili kila noti itoke na mkwaruzo wake; fundi asiyejua angevibandua, akidhani anaitengeneza.